Mkate wa wanga sugu: sukari haijapanda, mbona tumbo linanguruma?

Msomaji mmoja ameniandikia, swali lake nalifupisha: ana kisukari aina ya 2, ameanza kula mkate ulioandikwa "wanga kidogo, faiba nyingi", na kwenye viambato kuna wanga wa ngano uliorekebishwa. Akijipima masaa mawili baada ya kula sukari haipandi kama akila mkate wa kawaida, ila ikifika usiku tumbo linanguruma na gesi haina adabu kabisa. Mumewe anamwambia hiyo ni kemikali ya kiwandani, inapita tumboni kama plastiki. Anauliza: mwili unaumeng'enya huo wanga au haumeng'enyi, na kama haumeng'enyi kalori zake zinaenda wapi?

Dada yangu, kwanza pole na hiyo gesi. Halafu nianze na jibu lenyewe usije ukachoka kabla hujalifikia: wanga huo unaliwa, ila mlaji sio wewe, wanaula bakteria wa utumbo mpana na wewe unapata makombo yao. Kuna kiasi unakimeng'enya mwenyewe kama wanga wowote, kuna kiasi kinatoka chooni kama kilivyoingia, na hapo katikati ndo kwenye mngurumo. Shemeji amepatia kwamba kuna kemia imefanyika kiwandani, kwenye plastiki ndo kakosea.

Sasa tuelewane kitu kimoja mapema maana hapa wanachanganya hata watu wa fani yangu. "Uliorekebishwa" na "sugu" ni vitu viwili tofauti. Wanga mwingi uliorekebishwa unaokuta kwenye sosi, supu za pakiti, mtindi na kadhalika umewekwa ili ule uzito usivunjike ukipashwa moto au ukigandishwa kwenye friza, marekebisho yake ni madogo sana na ukifika tumboni sehemu kubwa inameng'enywa karibu sawa na wanga wa kawaida. Mwingine umelainishwa kwa asidi tu, mwingine umepikwa ukakaushwa ili ukorogeke kwenye maji baridi, na huo wa mwisho ndo unapanda kwenye damu chap. Kwa hiyo neno "uliorekebishwa" peke yake halijakwambia chochote kuhusu sukari yako. Angalia mstari wa faiba kwenye jedwali la virutubisho. Kama faiba ni nyingi na pumba au mbegu hamna za kutosha kuieleza, basi huo wanga ni wa kundi sugu.

Ili uone kilichobadilika, fuata kwanza safari ya wanga wa kawaida. Wanga ni glukosi nyingi zimeshikana mkono. Kuna mnyororo mrefu ulionyooka unaitwa amilosi, kuna mwingine wenye matawi mengi kama mti unaitwa amilopektini, na kwenye nafaka nyingi amilosi ni kama robo hivi, iliyobaki ni amilopektini. Hii yote imepangwa imebanwa ndani ya vipunje vidogo ambavyo huvioni kwa macho. Ukipika na maji vile vipunje vinavimba, vinapasuka, minyororo inalegea, na hapo ndo kimeng'enya kinachoitwa amilesi kinapata njia ya kuingia. Amilesi inaanza mdomoni kwenye mate, tumboni asidi inaizima, halafu kongosho linamwaga nyingine nyingi mwanzoni mwa utumbo mwembamba na kazi kubwa inafanyikia hapo. Amilesi haitoi glukosi moja moja, inakata vipande vifupi vya glukosi mbili tatu na vile vyenye tawi, halafu vimeng'enya vingine vilivyobandikwa kwenye ukuta wa utumbo vinamalizia, glukosi inavutwa kuingia kwenye damu. Ndo unayoipima kwenye kidole.

Mwaka 1982 kule Uingereza mtafiti anaitwa Hans Englyst alikuwa anapima faiba maabara, akagundua kuna wanga unabaki hata baada ya vimeng'enya kufanya kazi yao yote. Akauita wanga sugu. Miaka kumi baadaye yeye na wenzake wakaja na mgawanyo unaotumika hadi leo: unaomeng'enywa ndani ya dakika 20 ni wa haraka, wa kati ya dakika 20 na 120 ni wa polepole, unaobaki baada ya hapo ni sugu. Hapo tunaongelea chupa ya maabara ndugu yangu, utumbo wako hauna saa ya ukutani, ila kwa kulinganisha vyakula inatosha.

Usugu unatokea kwa njia kadhaa na watu wa lishe wamezipa namba. Namba 1 ni wanga uliofungiwa ndani ya kuta za mmea, mfano punje nzima isiyosagwa. Namba 2 ni vipunje vibichi vilivyobanwa sana kama vya kiazi kibichi na ndizi mbichi, pamoja na mahindi maalumu yenye amilosi nyingi. Namba 3 ni wanga uliopikwa ukapoa, minyororo ikajipanga upya ikakaza. Namba 5 ni amilosi iliyokumbatia mafuta. Ushauri mwingi unaosambaa mitandaoni (pika, weka kwenye friji, kula kesho) unahusu namba 3, na ule wa unga wa kiazi kibichi kwenye maji unahusu namba 2 ambayo ukiipika inakufa, maana vipunje vya kiazi vinapasuka kama kawaida. Wako wewe ni namba 4, wa kemia, na sifa yake kubwa ni kwamba moto wa oveni hauuvunji, ndo maana waoka mikate wanaupenda.

Kemia yenyewe haitishi ukiielewa. Wanga wa ngano wa aina hii kwa kawaida unalowekwa kwenye maji yenye chumvi za fosfati, na zile fosfati zinatengeneza vidaraja kati ya mnyororo mmoja na mwingine, unaweza kusema kipunje kinapigwa pini kwa ndani. Matokeo yake ukikipika hakivimbi vizuri, hakipasuki, kinabaki kigumu na kimejibana. Amilesi ili ikate inabidi mnyororo uingie kwenye mfuko wake ambao unashika glukosi kama tano kwa pamoja, sasa mnyororo ukiwa umefungwa pini kila mahali hauwezi kujikunja ukaingia pale, na kimeng'enya chenyewe ni kikubwa, hakipenyi ndani ya kipunje kisichofunguka. Inabaki inakwangua juu juu. Njia nyingine ya kiwandani ni kubandika vikundi vyenye mwili mkubwa kwenye mnyororo, mfano asetili au haidroksipropili, amilesi ikifika pale inakwama kama zipu iliyokutana na uzi. Ugumu unategemea pini ni ngapi. Pini chache unapata kile kinenezi cha sosi, pini nyingi unapata faiba. Jina la familia kwenye lebo linaweza kuwa lile lile!

Na hata wenye pini nyingi sio sugu asilimia mia. Sehemu yake bado inakatwa huku juu kwenye utumbo mwembamba, na kiasi gani kinategemea nani kapima na kwa njia gani, kuna njia rasmi za maabara za kupima faiba ambazo ukiwapa unga huo huo wa namba 4 zinakupa majibu yaliyopishana sana, kwa sababu moja inachemsha kwa amilesi inayohimili joto kali na nyingine inaacha vimeng'enya vifanye kazi masaa mengi kwenye joto la mwili. Kwa hiyo hiyo namba ya faiba kwenye pakiti ichukulie kama makadirio, kipimo chako cha kidole kinakujua zaidi wewe.

Haya, twende chini. Kilichoponyoka utumbo mwembamba kinafika utumbo mpana baada ya masaa kadhaa na huko mambo ni tofauti kabisa, hakuna hewa ya oksijeni, hakuna haraka, chakula kinakaa siku nzima au zaidi, na kuna bakteria ambao kwa vimeng'enya vya wanga wanatuacha mbali mno. Sisi binadamu tuna vichache vya kuhesabu kwenye vidole. Wao kila aina ina mkoba wake wa zana. Yupo mmoja anaitwa Ruminococcus bromii, huyu ni fundi wa kuvunja vipunje vigumu vya namba 2 na 3, amejenga mitambo ya vimeng'enya vilivyoungana pamoja, na watafiti wamemuona kama nguzo maana asipokuwepo mtu anaweza kula wanga sugu na mwingi ukatoka chooni haujaguswa. Anavunja kuliko anavyoweza kula, mabaki yanaokotwa na wengine. Wengine wanatoa asidi inaitwa laktati, wengine wanaila hiyo laktati wanatoa asidi nyingine inaitwa butirati. Kama umewahi kuona kuku wakipata gunia lililotoboka utanielewa.

Kinachotoka kwenye uchachukaji huo ni asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, tatu kubwa: asetati, propionati na butirati, mara nyingi kwa uwiano wa karibu 60 kwa 20 kwa 20 ingawa wanga sugu huwa unasukuma butirati juu kidogo. Butirati ndo petroli ya seli za ukuta wa utumbo mpana, wanaitumia kuliko hata glukosi. Propionati nyingi inaishia kwenye ini. Asetati inazunguka mwilini, inachomwa kwenye misuli na kwingineko. Hapo ndo kalori zako zilipoenda dada. Gramu moja ya wanga wa kawaida inakupa kalori 4, gramu moja ya faiba inayochachuka inahesabiwa kama 2, na hiyo ndo hesabu ya lebo za Umoja wa Ulaya. Nusu nyingine imeliwa na bakteria wenyewe kujijenga, imetoka kama gesi na joto, na imeishia chooni. Kwa hiyo sio sifuri, anayekuambia sifuri anakuuzia kitu.

Na sukari haipandi kwa sababu asidi hizi sio glukosi. Zinaingia kwenye damu kimya kimya, masaa mengi baadaye. Tena kuna kitu kizuri hapo, watu wakila chakula chenye wanga unaochachuka mara nyingi sukari inatulia kidogo hata kwenye mlo unaofuata, na sehemu ya sababu ni hizi asidi kuamsha seli za utumbo zitoe homoni za shibe kama GLP-1. Ila nisikudanganye, kwenye kipimo chako cha masaa mawili sehemu kubwa ya tofauti ni hesabu rahisi tu: kipande cha mkate kina wanga mchache wa kumeng'enywa, basi. Sio kwamba huo unga unashusha sukari kama dawa.

Ushahidi ninaoupenda kwamba hii sio plastiki unatoka kwenye kipindupindu, usishangae. Mwaka 2000 madaktari wa Vellore kule India walichapisha utafiti wa wagonjwa 48 ambapo kundi moja lilipewa maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini pamoja na wanga sugu wa mahindi gramu 50 kwa lita. Kundi hilo lilipoteza maji kidogo na kuharisha kukakoma mapema zaidi. Kwa nini? Asidi zilizotokana na uchachukaji zinapoingia kwenye ukuta wa utumbo mpana zinavuta sodiamu, na sodiamu inavuta maji. Ule ulikuwa namba 2, sio namba 4, lakini mtambo wa chini ni ule ule.

Sasa nifike kwenye kinachonifurahisha mimi, na hapa nitakaa kidogo. Huko chini namba 4 sio kitu kimoja. Mwaka 2010 kuna utafiti ulichapishwa, watu 10 wenye afya walikula kwa zamu namba 2 ya mahindi na namba 4 ya ngano, yaani ndugu wa huo ulioko kwenye mkate wako. Namba 2 ilipandisha Ruminococcus bromii na Eubacterium rectale. Namba 4 ikapandisha watu wengine kabisa, Bifidobacterium adolescentis na Parabacteroides distasonis, na kwa ukubwa uliotofautiana sana mtu na mtu. Miaka kumi baadaye, 2020, wengine wakachukua watu 40, wakawagawa, wakawapa kwa wiki nne namba 4 ya mahindi, ya muhogo au ya kiazi, na kundi la nne wakapewa wanga wa kawaida, dozi ikipandishwa kila wiki kutoka gramu 10 hadi 20, 35, 50. Ya mahindi ikaongeza butirati. Ya muhogo ikaongeza propionati. Ya kiazi, kwa kundi zima, haikufanya kitu cha maana. Kwenye karatasi zote tatu ni wanga namba 4, kwenye lebo zote zingesomeka wanga uliorekebishwa, lakini umbo la kipunje na mpangilio wa minyororo ndo unaamua bakteria gani anaweza kushika uso wake na kuanza kula. Na kingine walichokiona, kupita gramu 35 kwa siku faida haikuongezeka, kama meza imejaa walaji wote wameshakaa.

Nimewahi kukaa na chupa za kuchachusha maabara, choo cha watu watatu, unga mmoja, joto moja, asubuhi unakuta chupa moja imetoa gesi hadi kizibo kimeruka, ya pili imefanya kazi taratibu, ya tatu unga umelala chini kama mchanga. (Harufu sikusimulii.) Tangu siku hiyo mtu akiniuliza "hii faiba inafanya nini" huwa namuuliza kwanza "kwa nani?"

Kuna pia wale wanaotumia kemia kwa akili zaidi, wanabandika butirati yenyewe kwenye wanga. Amilesi yetu haiwezi kuibandua, bakteria wa chini wanaweza, kwa hiyo wanga unakuwa kama mjumbe anayebeba mzigo hadi mlango husika. Australia walijaribu kwa watu 23 waliokula nyama nyekundu gramu 300 kwa siku kwa wiki nne, wakiongeza gramu 40 za wanga huo uharibifu flani wa DNA kwenye ukuta wa utumbo ambao nyama ilikuwa imeupandisha ukashuka. Sio kitu cha kwenye mkate wako lakini nimetaja ili shemeji ajue neno kemikali halimaanishi sumu moja kwa moja.

Kuhusu usalama wenyewe sasa. Marekani wanaruhusu fosforasi isiyozidi asilimia 0.4 kwenye wanga wa fosfati, na mwaka 2019 FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, walikubali aina hii ya vidaraja vya fosfati ihesabiwe kama faiba kwenye lebo. Piga hesabu: ukila gramu 30 za unga huo kwa siku, fosforasi ya juu kabisa ni miligramu 120, na mtu mzima anahitaji kama 700 kwa siku. Kwa mwenye figo nzima hilo ni dogo. Kama kisukari kimeshagusa figo zako na umeambiwa upunguze fosfati, hapo muoneshe daktari wako hiyo lebo. Na kama unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sukari sana, usipige dozi kwa kuhesabu wanga wote wa kwenye pakiti wakati mwingi ni wa bakteria, sukari itakuangusha. Hilo mpangie na daktari kabla hujaufanya mkate huu kuwa wa kila siku.

Gesi sasa. Uchachukaji unatoa haidrojeni na kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu kuna vijidudu vingine vinavyogeuza haidrojeni kuwa methani. Nyingine inatoka njia unayoijua, nyingine inapenya kwenye damu inatolewa kwa pumzi, ndo maana hospitali wanaweza kupima uchachukaji kwa kukupulizisha kwenye mashine. Wanga sugu kwa kweli ni mpole ukilinganisha na faiba zenye molekuli fupi, maana kipunje kigumu kinaliwa polepole na gesi inatoka kidogo kidogo kwa masaa mengi. Watu wengi wanavumilia gramu 20 hivi bila shida wakianza taratibu. Kwa hiyo anza na kipande kimoja kwa siku, kaa nacho wiki nzima, ndo uongeze cha pili. Bakteria wanaojua kazi wanahitaji siku kadhaa kuzaana, na mara nyingi vurugu zinapungua wenyewe wakishazoea.

Ila nina wasiwasi na huo mkate wako. Andika saa uliyokula na saa tumbo lilipoanza, siku tatu tu. Wanga sugu unafika kwa walaji wake masaa manne, matano, sita baada ya kula, kwa hiyo mkate wa mchana na mngurumo wa usiku vinaendana. Lakini kama unakula jioni na ndani ya saa moja mbili tumbo limeshajaa, simlaumu huyu wanga. Rudi kwenye viambato utafute inulini, faiba ya mizizi ya chikori, au sukari zile zinazoishia na -toli kama maltitoli, mikate ya wanga kidogo mara nyingi inavipenda. Hivyo ni vidogo, vinayeyuka, vingine vinavuta maji, na vinachachuka kwa fujo. Ukivikuta jaribu mkate mwingine wenye wanga ule ule bila hivyo, halafu niandikie imekuwaje.